Kutoa platini na kufunga moto wa elektroniki kwenye Triumph Bonneville T120

Yangu ni Triumph Bonneville T120 ya 1969, silinda mbili, cc 650, iliyotoka kiwanda cha Meriden kule Uingereza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifungua kile kifuniko cha duara upande wa kulia wa injini, nasugua platini kwa msasa laini, napima mwanya kwa fila geji, kisha naweka taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ya silinda ya kulia, halafu ya kushoto. Kazi yenyewe haina ugumu ila haidumu. Masika yakiingia, unyevu wa pwani ukikaa mle ndani wiki mbili, asubuhi unapiga kiki mpaka goti linauma, na ikiwaka inamisi, yaani inakosa kuchoma mafuta, upande mmoja.

Vijana wengi wanaotengeneza bodaboda siku hizi hawajawahi kuona platini. Pikipiki walizojifunzia zote zina CDI, moto wa elektroniki wa kiwandani. Kwa hiyo niseme kwanza platini ni nini. Ni ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana kwa kusukumwa na kamu, kipande cha chuma chenye nundu kinachozunguka. Zikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Zikiachana, umeme unakatika ghafla, na koili inatema volti maelfu kadhaa kwenye plagi. Nyuma ya platini kuna vyuma viwili vizito vyenye springi. Injini ikikimbia, vyuma hivyo vinatanuka na kuizungusha kamu kidogo, ili moto, yaani cheche ya plagi, uwahi zaidi. Kisigino cha platini kinachosuguana na kamu kinalika taratibu. Kikilika mwanya unapungua na moto unachelewa. Springi nazo zinalegea. T120 hii ina platini mbili, kila silinda na yake, kwa hiyo zinaharibika kwa mwendo tofauti, na ndiyo sababu injini inaanza kukohoa upande mmoja.

Moto wa elektroniki unaondoa hayo yote. Mahali pa kamu unafunga rota ndogo yenye sumaku mbili. Mahali pa platini unafunga sahani yenye koili ndogo mbili. Hakuna kinachogusana. Sumaku ikipita mbele ya koili inatoa ishara ndogo, boksi chini ya tangi inaipokea na kukata umeme wa koili kubwa. Hata kuwahisha moto kunafanywa na boksi hilohilo. Kwa kuwa pistoni zote mbili za Triumph hupanda na kushuka pamoja, boksi huwasha plagi zote mbili kwa wakati mmoja: moja inachoma mafuta, nyingine inatoa cheche wakati silinda yake inatoa moshi, na cheche hiyo inapotea bila madhara.

Kit ninayoizungumzia ni ya aina ya Boyer Bransden ya analogi, ya Uingereza. Pazon ya New Zealand na Tri-Spark ya Australia zinafuata njia inayofanana, ingawa rangi za waya na namna ya kuweka taimingi zinatofautiana. Karatasi inayokuja na kit yako ndiyo yenye neno la mwisho. Na kama Triumph yako ni ya kabla ya 1963, ile yenye gia boksi iliyotengana na injini na moto wa magneto (kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi bila betri), mwongozo huu si wako.

Kabla hujanunua chochote

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaona pikipiki inamisi, anasema platini zimechoka, anaagiza kit, anaifunga, na pikipiki inaendelea kumisi. Anailaumu kit. Kumbe betri ilikuwa imekufa, au waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeoza ndani ya plastiki yake. Platini huvumilia umeme mbovu kuliko boksi. Boksi la analogi likipata volti ndogo linachanganyikiwa: linamisi, au linawahisha moto wakati unapiga kiki, na kiki inakurudi mguuni kwa nguvu ya kuvunja kifundo.

Kwa hiyo anza na betri. Ikae usiku kucha bila kuchajiwa, asubuhi ipime. Betri nzuri ya asidi iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0, hiyo imekwisha. Ichaji na upime tena, na ikishuka tena nunua nyingine kabla ya kit. Kisha washa injini na upime kwenye vichwa vya betri ikiwa inakimbia kiasi cha mizunguko 3000 kwa dakika. Unataka kuona inapanda kuelekea 14. Isipopanda, tatizo lako ni kwenye kuchaji: altaneta, rektifaya au ile zena inayozuia volti zisizidi, na kit haitalitibu.

Halafu swichi. Swichi ya miaka hamsini inaweza kula volti nzima bila wewe kujua. Kwenye waya mweupe unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili, funga kwa muda balbu ya taa kubwa, upande wa pili wa balbu kwenye bodi. Washa swichi. Sasa weka multimita: mshipa mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye huo waya mweupe palipo na balbu. Unachosoma ndizo volti zinazopotea njiani. Nusu volti naikubali. Ikizidi volti moja, fungua swichi, ile ya kuzimia kwenye usukani na kila kiungio cha njiani, usafishe au ubadilishe. Bila balbu kipimo hiki hakina maana, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 12 kamili mpaka pale umeme wa kweli unapotakiwa kupita.

Kumbuka jambo moja ambalo waliozoea pikipiki za Kijapani hulisahau: hii ni athi chanya. Kichwa chanya cha betri ndicho kimefungwa kwenye bodi. Waya unaotoka kwenye swichi ni hasi. Boksi langu la kwanza nililiua mwenyewe kwa kufunga waya mwekundu kwenye waya wa swichi, kwa mazoea tu kwamba nyekundu ni ya moto. Lilikufa dakika ileile, bila moshi wala harufu. Tangu siku hiyo nabandika kipande cha karatasi kwenye tangi kimeandikwa ATHI NI CHANYA kila ninapogusa umeme wa pikipiki hii, na sikitoi mpaka nimalize.

Vifaa

Spana za inchi na bisibisi nzuri, multimita, fila geji, taa ya taimingi (inayomweka kila plagi inapotoa cheche), betri nyingine ndogo ya volti 12 kwa ajili ya taa hiyo, koleo la kubania vichwa vya waya, na vichwa vipya vya kuunganishia waya, vile vya Lucas vyenye umbo la risasi. Bolti ya kuvutia kile kifaa chenye vyuma vizito. Koili mbili za volti 6. Nitaeleza kwa nini. Diski ya digrii, ya kupimia injini imezunguka kiasi gani, kama unayo.

Hatua ya kwanza: piga picha, kisha toa umeme

Toa waya wa betri. Toa tangi. Piga picha za koili, waya zake na sahani ya platini kabla hujagusa kitu. Kwenye sahani ya platini na ukingo wa nyumba yake chora mstari mmoja kwa kitu chenye ncha, unaovuka zote mbili. Siku ukitaka kurudisha platini, mstari huo utakuokoa nusu siku.

Toa plagi zote mbili. Ingiza gia ya nne, ili uweze kuzungusha injini kwa gurudumu la nyuma taratibu kama unavyotaka.

Hatua ya pili: kutoa platini

Zile nguzo mbili zenye uzi zinazoshika sahani zinafunguka kwa spana. Vuta sahani, tenganisha waya zake mbili, mmoja mweusi wenye mstari mweupe, mwingine mweusi wenye mstari wa njano. Ndani utaona kile kifaa cha vyuma vizito, kimekaa kwenye ncha ya kamshafti (mhimili wa kamu) ya egzosti. Toa bolti ya katikati.

Kifaa hicho hakitatoka kwa kuvuta. Kimebanwa kwenye ncha iliyochongoka kama koni, na miaka imekigandisha. Usikipige nyundo na usikichokonoe kwa bisibisi mbili. Nyuma yake kuna oili sili na kamshafti. Ndani yake kuna uzi mpana kuliko ule wa bolti ya katikati. Bolti ya kuvutia inajifunga kwenye uzi huo na kusukuma ncha ya kamshafti, kifaa kinaruka chenyewe kwa mlio mfupi wa tak. Ukiusikia, umemaliza.

Ukikuta oili imejaa mle ndani, sili imekwisha. Ibadilishe sasa, japo inamaanisha kufungua kifuniko kikubwa cha taimingi. Kisha safisha ile ncha iliyochongoka ya kamshafti kwa kitambaa na petroli kidogo mpaka iwe kavu kabisa.

Hatua ya tatu: kutafuta digrii 38

T120 inataka moto uwake digrii 38 kabla pistoni haijafika juu, injini ikiwa imewahisha moto kikamilifu. Kwa wenye pikipiki nyingine, BSA A65 inataka 34, Norton Commando 28, usichanganye.

Kwenye mashine kama hii ya 1969 kuna kifuniko kidogo upande wa kushoto, kwenye kava ya cheni ya injini. Kitoe, utaona rota ya altaneta ikiwa na alama, na kishale kilichofungwa kwenye kava. Alama ya digrii 38 ikikutana na kishale, krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, iko mahali pake.

Lakini usiiamini rota hiyo mpaka uipime. Rota za Lucas za zamani zina kasoro inayojulikana: sumaku zinaachana na kitovu cha chuma katikati, rota inacheza juu ya kitovu chake, na alama inahama. Pikipiki inaonekana iko sawa kwa taa kumbe imekosea digrii nane. Ishike rota kwa mkono, ijaribu kuitikisa kwa mzunguko huku krankshafti imezuiwa. Ikicheza hata kidogo, ibadilishe. Namna nyingine ya kuhakiki ni diski ya digrii, au kupima kushuka kwa pistoni. Digrii 38 kabla ya juu kabisa ni pistoni kuwa milimita 10.5 chini ya kilele chake. Kumbuka tu kwamba tundu la plagi la Triumph limelala, kwa hiyo kijiti kikipita humo hakisimami wima na kitakudanganya kidogo. Kipimo hiki ni cha kukuonyesha kama alama ya rota imepotea kabisa. Taimingi ya mwisho ni ya taa.

Zungusha gurudumu kwa mwelekeo wa kwenda mbele mpaka alama ifike kwenye kishale. Ukiipita, usirudi nyuma kidogo tu na kuiacha hapo. Rudi nyuma sana, kisha uje mbele tena, ili ule uchezaji wa gia na cheni uwe upande mmoja. Iwe kwenye mkandamizo wa silinda ya kulia au ya kushoto, hapa haina tofauti, kwa sababu plagi zote mbili zinawaka pamoja.

Hatua ya nne: rota na sahani mpya

Weka rota mpya kwenye ncha ya kamshafti kwa mkono tu, bila kukaza. Kit nyingi huja na bolti mbili za katikati zenye uzi tofauti, kwa kuwa Triumph ilibadilisha uzi miaka ile. Jaribu kwa vidole. Inayoingia yenyewe bila kulazimishwa ndiyo. Hakikisha pia bolti haigongi mwisho wa tundu kabla rota haijabanwa. Ikigonga, utaikaza na rota itabaki inazunguka.

Funga sahani juu yake, waya zikitoka mahali zile za platini zilipotoka, na iweke katikati ya zile nafasi zake ndefu za kurekebishia, ili baadaye uwe na pa kusogea kila upande. Sahani ina matundu mawili ya kuchungulia, moja kwa injini ambazo rota huzunguka kama saa na jingine kwa zinazozunguka kinyume. Usikisie. Zungusha gurudumu uone kwa macho kamshafti inaelekea wapi, kisha chagua tundu kwa karatasi ya kit.

Sasa, krankshafti ikiwa kwenye digrii 38, zungusha rota mpaka doa dogo jeupe lililo juu yake lionekane katikati ya tundu hilo. Shika rota isihame, kaza bolti ya katikati. Ni bolti nyembamba ya robo inchi, kwa hiyo ikaze kwa kiasi. Chungulia tena. Mara nyingi rota huzunguka kidogo wakati wa kukaza. Legeza, gonga pembeni kwa mpini wa bisibisi iachie, rudia. Mimi hurudia mara tatu au nne. Mwisho zungusha injini mizunguko miwili kamili na usikilize kama kuna kinachokwaruza kati ya rota na sahani.

Hatua ya tano: waya

Hapa nenda polepole kuliko popote. Katika mpangilio wa zamani, waya mweupe kutoka kwenye swichi ulikuwa unaingia kwenye vichwa hasi vya koili zote mbili, na vichwa chanya vya koili vilikuwa vinakwenda kwenye platini kwa zile waya nyeusi zenye mistari. Mpangilio mpya ni mwingine kabisa. Toa waya zote kwenye koili. Zote. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kufunga boksi vizuri huku ameacha waya mweupe kwenye koili. Umeme unazunguka njia mbili na plagi hazitoi moto, au zinatoa dhaifu.

Waya mweupe wa swichi uende kwenye waya mweupe wa boksi, na usiende pengine popote. Waya mwekundu wa boksi uende athi, na athi hiyo iwe waya mpya uliotoka moja kwa moja kwenye kichwa chanya cha betri, siyo bolti yoyote ya fremu uliyoikuta karibu. Rangi ya fremu ni kizuizi, na kutu ni kizuizi. Zile waya mbili nyeusi zenye mistari, moja nyeupe na nyingine njano, zinazoshuka mpaka kwenye sahani, sasa ndizo zinazobeba ishara: upande wa juu zifunge kwenye waya za boksi zenye rangi zilezile, upande wa chini kwenye sahani.

Kama waya hizo mbili ni za kiwandani, zibadilishe. Zimepita kwenye joto la injini miaka hamsini, na zinavunjika ndani pale zinapokunja kona kuingia kwenye nyumba ya platini, huku nje plastiki iko nzima. Pikipiki yenye waya kama huo inawaka vizuri asubuhi, inakwenda kilomita 10, inapata joto, inazimika. Baada ya nusu saa inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wamebadilisha kabureta na boksi kwa ajili ya sentimita mbili za waya.

Kondensa mbili za zamani, zilizokuwa zikilinda platini zisiungue, hazina kazi tena. Zitoe kwenye mzunguko kabisa.

Boksi lifunge chini ya tangi au nyuma ya kifuniko cha pembeni, mbali na kichwa cha injini, juu ya kipande cha sponji au mpira, kwa kamba za plastiki. Triumph inatikisika sana, na boksi lililofungwa chuma kwa chuma halidumu.

Hatua ya sita: koili

Kit ya aina hii huwasha koili mbili zikiwa zimepangwa mfuatano, umeme ukipita moja kisha nyingine. Kwa hiyo kila moja inapata nusu ya volti. Ukiacha zile za zamani za volti 12, kila moja itapata volti 6 na cheche itakuwa ya njano na ya uvivu. Weka mbili za volti 6. Zipime kwa multimita kwenye vichwa vile viwili vidogo: ya volti 6 inasoma karibu omu 1.7 hadi 1.9, ya volti 12 inasoma zaidi ya 3. Kipimo hicho ni muhimu kwa koili ya sokoni isiyo na maandishi. Au tumia koili moja ya volti 12 yenye midomo miwili ya plagi, ambayo pia inapunguza uzito na waya.

Kwa koili mbili: waya mweusi wa boksi uende kichwa hasi cha koili ya kwanza, kichwa chanya cha hiyo kiunganishwe na kichwa hasi cha pili, kichwa chanya cha pili kiende athi, palepale penye waya mwekundu wa boksi.

Badilisha na waya za plagi. Kofia za plagi ziwe za omu 5000. Mwanya wa plagi, uliokuwa milimita 0.5 kwa platini, upanue mpaka 0.6.

Hatua ya saba: kujaribu kabla ya kupiga kiki

Kwanza pima sahani. Chomoa zile waya mbili zenye mistari kwenye boksi, weka multimita kati yake. Usomaji uwe karibu omu 132. Ukisoma nusu yake au hakuna kitu, waya au sahani ina kasoro. Shika waya uutikise huku unaangalia multimita. Namba ikirukaruka, umepata waya uliovunjika ndani.

Kisha jaribu boksi. Plagi zote mbili zivishe kofia zake, zilaze juu ya kichwa cha injini zikigusa chuma, mbali na matundu ya plagi kwa sababu ya mvuke wa petroli. Usiruhusu hata mara moja waya wa plagi uning'inie bila kugusa chuma. Umeme usipopata pa kutokea unarudi na kuunguza koili au boksi. Washa swichi. Zile waya mbili za boksi zenye mistari, zigusanishe na kuziachanisha kwa vidole. Kila mara plagi zote mbili zitoe cheche ya buluu yenye mlio. Zikitoa, boksi, koili, athi na swichi vyote vizima, na kilichobaki ni sahani tu. Zisipotoa, sahani haihusiki na usiisogeze. Rudi kwenye waya mweupe na mwekundu. Kipimo hiki cha sekunde tano kimeniokolea siku nyingi barabarani.

Hatua ya nane: kuwasha

Rudisha waya, plagi, tangi. Vaa kiatu kigumu. Piga kiki ya nguvu moja kutoka juu hadi chini, siyo vile vidogovidogo vya kubembeleza. Ikiwaka, mlio wa chini, bila kuvuta akselereta, utakuwa tofauti na uliozoea, kwa hiyo utarekebisha kabureta baadaye, usiziguse kwanza. Kiki ikikurudi, zima, pima betri, kisha hakiki doa jeupe.

Hatua ya tisa: taa ya taimingi

Taimingi ile ya kwanza, ya doa jeupe, ilikuwa ya kukuwezesha kuwasha tu. Usiendeshe safari ndefu kabla ya kutumia taa, kwa sababu moto uliowahi sana unatoboa pistoni.

Taa ipate umeme wake kutoka betri ile nyingine, siyo ya pikipiki, vinginevyo inaweza kuvuruga boksi. Bana kishikio chake kwenye waya wa plagi ya kushoto. Doa la chokaa au rangi nyeupe kwenye alama ya rota ya altaneta linasaidia sana. Ifanye kazi hii jioni au kivulini. Pasha injini joto, mwenzako ashike akselereta. Boksi la analogi humaliza kuwahisha moto karibu na mizunguko 5000 kwa dakika, na hapo ndipo unapopima, siyo kwenye mlio wa chini. Sekunde chache tu, pumzisha, rudia. Injini iliyosimama haipati upepo.

Alama ikikutana na kishale kwenye 5000, umefika. Ikichelewa, legeza nguzo mbili na uzungushe sahani kinyume na rota inavyozunguka. Hiyo inauwahisha moto. Ikiwahi, izungushe pamoja na rota. Sogeza kidogo sana: kamshafti inazunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti, kwa hiyo digrii moja ya sahani ni digrii mbili za moto. Hamisha taa kwenye plagi ya kulia uhakiki. Inatakiwa isome vilevile.

Ukifika, kaza nguzo, angalia tena kwa taa baada ya kukaza, kisha chora mstari mpya unaovuka sahani na nyumba yake, wenye rangi tofauti na ule wa platini. Sasa unaweza kuzirekebisha kabureta.

Baada ya kilomita 500 fungua kile kifuniko cha duara mara moja, kaza nguzo, tazama kama waya za sahani hazisuguani na ukingo. Platini, kile kifaa cha vyuma vizito na kondensa vitie oili kidogo, vifunge kwenye mfuko wa plastiki na uviweke pamoja na bolti ya kuvutia na zile picha. Hukutoboa wala kukata chochote kwenye injini hii, na mwenye kuipokea baada yako anaweza kuirudisha ilivyotoka Meriden kwa mchana mmoja.